Fungate ya siku nne kwa 870,000 tukitokea Busia: twende wapi?

Mwalimu_wa_Mpakani aliuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Busia, upande wa Uganda. Harusi yetu ni Jumamosi ya tatu ya Januari, asubuhi kanisani, mchana karamu nyumbani kwa wazazi wa mchumba wangu. Mambo ya harusi yamekaa sawa. Utambulisho ulipita mwezi wa nane, mahari imekamilika, na kamati inakutana kila Jumapili. Kinachonikosesha usingizi ni fungate.

Tumeweka kando shilingi 870,000 na hakuna nyingine nyuma yake. Shuleni kwetu miezi ya likizo hatulipwi, kwa hiyo tangu shule ifungwe hadi ifunguliwe Februari sina mshahara. Mchumba wangu ni karani kwa wakala wa forodha, na Januari malori hupungua mpakani. Pesa hizi tumezikusanya mwaka mzima. Mimi nilifundisha watoto masomo ya ziada kila Jumamosi. Yeye aliacha chai ya saa nne na chapati zake, akawa anaituma ile elfu mbili kwenye laini ya simu ambayo namba ya siri ninayo mimi. Naeleza haya ili atakayenishauri ajue ni pesa za namna gani.

Yeye moyo wake uko Zanzibar. Mwenzake wa kazini alikwenda huko alipooa, na zile picha za mchanga mweupe zimemkaa kichwani. Yuko tayari kukopa SACCO milioni mbili. Nimechukua daftari nikapiga hesabu. Kenya na Rwanda tunavuka kwa kitambulisho cha taifa tu, ila Tanzania wanataka pasipoti, na sisi hatuna. Pasipoti ya kawaida ni 250,000 kwa kichwa, wawili 500,000. Hapo hatujakata tiketi ya basi wala ya boti, na mfukoni zimebaki 370,000. Halafu lile deni tungeanza kulilipa mwezi ule ule tunaonunua godoro na masufuria. Nikamwambia sitaki. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi nionyeshe wewe pa kwenda." Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo nahisi nimebeba ahadi, na nataka nimpeleke mahali ambapo hatajuta.

Niwaambie ninachokitafuta. Tutaanzia maisha katika vyumba viwili vya muzigo, yaani vile vya kupanga vilivyojengwa safu moja, ukuta mmoja na dada yake mkubwa. Shangazi zake wa Samia wamesema watakaa wiki nzima baada ya harusi, na shangazi zangu wa Tororo wamesikia hivyo nao wakasema watakaa. Nawapenda wote. Ila nataka siku nne ambazo hakuna atakayebisha hodi kuomba chumvi. Nataka kumwona mwanamume huyu akilala mpaka aamke mwenyewe, kwa sababu simu za madereva humwamsha saa kumi za usiku na tangu nimjue sijamwona amepumzika. Pwani ya Majanji iko hapa karibu na ni nzuri, lakini kule kila ninapopita nasikia "Mwalimu! Mwalimu!" Nusu ya kidato changu cha pili ni watoto wa wavuvi.

Kwa hiyo: mahali pasipo na anayetujua, penye kitu cha kutazama, chakula cha kawaida, kitanda safi, na nauli isiyotumaliza. Nimefikiria Jinja, visiwa vya Ssese, ziwa Bunyonyi na maporomoko ya Sipi, ila katika hayo manne nimewahi kufika Jinja tu, tena na basi la wanafunzi. Nisaidieni.


Konda_wa_Elgoni alijibu:

Mwalimu, hongera sana, na hongera zaidi kwa kulikataa lile deni. Mimi nilikuwa konda miaka sita kwenye takisi, hizi basi ndogo za abiria, za Mbale na Kapchorwa, sasa naendesha mwenyewe, kwa hiyo nitasema la njia ninayoijua.

Fungate ya mtu wa kipato chetu huliwa na barabara. Chukua ramani uone. Busia mpaka Kampala ni karibu kilomita 200, na Kampala mpaka Kabale, mji wa kufikia Bunyonyi, ni zaidi ya 400. Katika siku zako nne, mbili utakuwa umekaa kwenye kiti cha basi. Sipi ni Busia hadi Tororo, Tororo hadi Mbale, Mbale hadi Sipi. Ukitoka saa mbili asubuhi, mchana unakula huko.

Sasa sikiliza mambo madogo, maana ndiyo yanayomaliza pesa. Mbale usipande gari la kukodi hata ukiambiwa takisi zimeisha. Hazijaisha. Nenda stendi, ulizia zinazokwenda Kapchorwa, kaa usubiri ijae. Mwambie konda mapema kwamba unashukia Sipi, kwa sababu wageni wengi hupitiliza hadi Kapchorwa mjini kisha wanalipa boda kurudi nyuma. Pesa toa Mbale. Kule juu mawakala wa simu wapo, ila jioni unaweza kuambiwa hawana pesa taslimu za kukutolea laki moja. Na hiyo laki iombe noti ndogo, za 1,000 na za 2,000. Maporomoko ni matatu, kubwa ni lile la chini, karibu mita 100, na njia ya kulifikia inapita kwenye migomba na kahawa za watu. Wenye mashamba hutoza kidogo kwenye vilango vyao. Ukiwa na noti ya 50,000 mtasimama pale mkitafutiana chenji hadi jua lizame.

Vijana wa kuongoza wageni watakufuata ukiwa bado hujashusha begi. Chagua mmoja, patana naye bei ya watu wawili kwa maporomoko yote matatu, na umuulize vilango vimo ndani ya bei au nje. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Kwa kulala, hoteli kubwa zinazotazama maporomoko nyingine huandika bei kwa dola. Ziache. Zipo banda za wenyeji, safi, zenye blanketi nzito. Piga simu kabla, uliza kwa shilingi, na uulize maswali haya mawili bila aibu: bei ni ya chumba au ya mtu? Chai ya asubuhi imo? Nimeshasafirisha maharusi waliofikiri wanalipa ya chumba, wakaja kudaiwa mara mbili siku ya kuondoka.

Januari ni kiangazi. Maji hupungua kidogo, lakini njia hazitelezi, na bibi harusi hataanguka matopeni. Ila baridi ipo, Mwalimu. Beba sweta mbili mbili. Na Kiswahili chako huko kitakufaa sana, wenyeji wa huko, Wasabiny, wengi wanakisema vizuri kuliko sisi wa Mbale.


Binti_wa_Kigezi alijibu:

Dada, mimi niliolewa miaka minne iliyopita na fungate yetu ilikuwa Bunyonyi, kwa hiyo naomba niitetee kwetu kabla sijakuambia ukweli wa gharama.

Lile ziwa lililochorwa kwenye noti ya zamani ya 5,000 ndilo lenyewe. Visiwa 29, vilima vilivyokatwa matuta mpaka juu, na asubuhi ukungu umelala juu ya maji kama shuka. Ni ziwa ambalo watu huogelea bila kuhofia viboko wala mamba, na kichocho hakisikiki kama Victoria. Mume wangu anatoka Lira, hajawahi kukaa kwenye mtumbwi wa kuchonga maishani. Siku ya kwanza tulizunguka tu mahali pamoja, mimi nacheka, yeye amekazana na kasia. Siku ya tatu alikuwa ananipeleka mwenyewe.

Mwenye mtumbwi alituonyesha Akampene, kisiwa kidogo chenye nyasi na mti mmoja. Alituambia kwamba zamani wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa waliachwa pale wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea, na kwamba kijana asiye na ng'ombe wa mahari angeweza kwenda kumchukua mmoja awe mke wake. Hadithi hiyo niliisikia tangu utotoni. Lakini kuisikia nikiwa nimeolewa siku tano tu, mahari yangu imelipwa, mume wangu amenishika mkono, nilishindwa kusema neno mpaka tulipofika ng'ambo. Usiku ule tuliongea mambo ya bibi zetu na mama zetu ambayo hatukuwahi kuyagusa wakati wa uchumba.

Sasa ukweli. Sisi tulitokea Kampala. Tuliondoka saa moja asubuhi, basi likaharibika njiani, tukaingia Kabale giza limeshashika, tukalala mjini kwa sababu boti za usiku hatukuziamini. Usiku mmoja wa fungate umepotea hivyo. Wewe unatokea Busia, itabidi ulale Kampala ukienda na pengine ukirudi. Hizo ni nyumba za wageni mbili ambazo hukuzipangia. Nenda Sipi, dada. Bunyonyi ihifadhi, uje na siku saba na nguvu za kutosha.


Msafiri_wa_Masaka alijibu:

Kuhusu Ssese kwa kifupi. Njia ya bei nafuu ni kupitia Masaka hadi Bukakata, kile kivuko cha kwenda Luku, kule kisiwani, ni cha bure. Meli ya Nakiwogo, Entebbe, huondoka mchana na huchukua kama saa tatu na nusu, ukiikosa umelala Entebbe. Kalangala, huko huko visiwani, ni pazuri, msitu unashuka hadi mchangani. Lakini msiingie majini kuogelea, kichocho kipo kweli, na fungate ya ufukweni ambayo huwezi kuogelea sijui kama itamfariji bwana harusi aliyeota Zanzibar. Kwa umbali wako nami nasema Sipi au Jinja.


Mama_Bombo alijibu:

Mwanangu mwalimu, amani iwe nawe. Mimi ni Mnubi wa Bombo, ila niliolewa Mombasa nikakaa kule miaka kumi na minane, kwa hiyo hili neno ulilolitumia nalijua lilikotoka. Fungate ni siku saba. Tuliolewa, tukaingia ndani, na kwa siku saba hatukuonekana. Hakuna aliyepanda gari. Chakula kililetwa na jamaa, somo wangu, yule mama aliyenifunda, ndiye aliyesimama mlangoni, na mtu akija na neno la nje aliambiwa arudi siku ya nane. Hata mama mkwe alirudishwa. Siku saba hizo nilimjua mume wangu anavyokunywa maji, anavyokasirika, anavyolala. Hayo ndiyo unayoyatafuta wewe, nimekusoma vizuri. Mlango wako hauna somo, ndiyo maana unalazimika kusafiri.

Basi nikushauri kwa vitendo. La kwanza, msiondoke Jumapili. Bibi harusi siku ile hana miguu. Ombeni usiku mmoja kwa jirani au rafiki mwenye chumba, mlale, mwoge, mle, safari iwe Jumatatu. Takisi za Jumatatu nazo hazina watu wa kutoka vijijini.

La pili, mwendee mwenyekiti wa kamati wewe mwenyewe, kwa adabu, umwambie fungate iandikwe kwenye bajeti kama inavyoandikwa mahema na keki. Watu huchangia wanachokisoma. Wakikataa, omba jambo moja tu: mchango wowote utakaokuja baada ya karamu usiingie kwenye soda za kuwaaga wageni.

La tatu ni la simu. Kila jioni saa moja tuma ujumbe mmoja kwa mama yako na mmoja kwa mama yake: tumefika, tumekula, tuko salama. Kisha zimeni. Mkizima bila kutuma ujumbe mtapigiwa hata kwa simu ya mwenye hoteli.

Na huyo bwana usimshinde kwa hesabu tu. Mwanamume aliyeacha chai mwaka mzima alikuwa anaota kitu. Muulize ni nini hasa alichokiona katika zile picha. Huenda si bahari.


Mwalimu_wa_Mpakani aliandika:

Asanteni nyote kutoka moyoni. Mama Bombo, shikamoo. Nilisoma maneno yako mara tatu, na jioni nikamuuliza kama ulivyosema. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la muuza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, karibu na stendi. Alifikiri, halafu akaniambia kwamba katika zile picha mwenzake alikuwa amelala kwenye kiti mchana, viatu vimevuliwa, na hakuna aliyekuwa anamtafuta. Akasema katika miaka saba ya kazi mpakani hajawahi kukaa mchana bila mtu wa kumtafuta. Nilitoa machozi pale pale. Kumbe tunataka kitu kimoja, na wiki mbili tulikuwa tunabishania jina la mahali.

Tumechagua Sipi. Kamati imekataa kuandika fungate kwenye bajeti, wamesema mahema yamepanda bei, lakini mwenyekiti ameniahidi la soda.

Konda, kaka yangu, nina maswali mawili. Nimepigia simu banda tatu. Moja wamesema 80,000 kwa chumba, watu wawili, chai ya asubuhi ndani, lakini choo kiko nje hatua chache. Nyingine ni 130,000 choo ndani. Je, usiku baridi yake inavumilika mtu akitoka nje? Na kuna mtu ameniambia lazima tuongeze Nyero, ile michoro ya kale ya mwambani kule Kumi. Inawezekana siku moja ya kurudi?


Konda_wa_Elgoni alijibu:

Chukua ya 80,000. Tofauti ni 50,000 kwa usiku, siku nne ni 200,000, huo ni mlo wenu wote wa safari. Vaa sweta, chukua tochi, hatua chache hazimuui mtu. Ila waulize kama wanatoa maji ya moto ya kuoga, hilo ndilo la lazima.

Nyero ni pazuri na inafaa uipeleke shule yako siku moja. Lakini iko upande wa barabara ya Soroti, ukiiongeza utarudi Busia usiku umechoka. Mmekwenda kupumzika, pumzikeni.


Binti_wa_Kigezi alijibu:

Dada, beba plasta za miguu. Viatu vya harusi vitakuwa vimeshaanza kazi kabla hujafika mlimani.


Mwalimu_wa_Mpakani aliandika, siku kumi baada ya harusi:

Wapendwa, tumerudi, na nimeona ni deni langu kuwapa habari.

Tuliondoka Jumatatu kama Mama Bombo alivyoagiza. Jumapili tulilala kwa mwalimu mwenzangu, mke wake akatupikia samaki na kwenda kulala kwa dada yake pamoja na watoto wote, akatuachia nyumba nzima. Siwezi kumlipa yule mama.

Mbale tulisubiri takisi ijae kama dakika arobaini. Konda, kweli alikuja mtu wa kutuambia zimeisha. Gari lilipoanza kupanda, mume wangu alifungua dirisha akatoa kichwa kama mtoto, akawa ananionyesha tambarare inavyobaki chini. Tulishukia Sipi saa nane mchana. Mwenye banda ni mama wa makamo, alitupokea kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha ofisini kwetu, akauliza mara moja kama ndio wale maharusi wa simu, akatuletea maji ya moto kabla hata ya kuuliza majina. Chumba kina kitanda, meza, dirisha moja. Dirishani unaona maporomoko, membamba kwa ajili ya kiangazi, meupe, yanashuka bila kukoma. Usiku unayasikia.

Usiku wa kwanza yeye hakulala. Ukimya ulimsumbua, kila saa ananyanyua simu kutazama. Saa kumi za usiku, saa ile ile ya madereva, aliketi kitandani kabisa. Nikamshika bega, nikamwambia hakuna lori. Tulituma ujumbe kwa mama zetu kila jioni, kisha simu zote mbili tukaziweka ndani ya begi langu chini ya nguo. Usiku wa pili alilala saa mbili usiku, akaamka saa tatu asubuhi. Nilikaa kwenye kiti cha nje na chai yangu nikimsubiri, na hata chai ilipopoa sikutaka kumwamsha.

Asubuhi hizo niliona jambo ambalo nitawasimulia wanafunzi wangu. Wakimbiaji hupita barabarani kundi kwa kundi, wembamba, hawasemi, unasikia viatu tu. Eneo hili la mlima Elgoni ndilo la Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, na la Joshua Cheptegei aliyechukua ya mita 10,000 Paris mwaka 2024. Kulikuwa na msichana kama wa kidato changu cha kwanza, anakimbia nyuma ya kaka zake na sweta ya shule. Hakubaki nyuma.

Maporomoko tuliyatembelea Jumanne mchana. Kijana tuliyempata tulipatana naye 60,000 kwa wawili kwa yote matatu, vilango nje ya bei, na vilango vilitutoa 14,000 kwa jumla, zote noti ndogo. Chini ya lile kubwa huwezi kusikilizana. Manyunyu yalitulowesha tukiwa bado mbali. Mume wangu alivua viatu akaketi juu ya jiwe, akafumba macho. Kijana wetu alikaa mbali akitafuna muwa, hakutuharakisha, na kwa hilo nilimwongezea kidogo kutoka kwenye pesa zetu za chakula.

Wakati wa kurudi juu kisigino changu cha kulia kilichubuka. Binti Kigezi, plasta nilizisahau kwenye begi la harusi, nikalipia zile za duka la pale na dawa ya maumivu. Jumatano sikuweza kuvaa kiatu. Tulikuwa tumepanga kwenda Kapchorwa mjini, tukakaa chumbani siku nzima. Mama mwenye nyumba alitupa karata zake kuukuu, tukacheza matatu, ule mchezo wa karata, mpaka mchana, tukalala, tukaamka, tukala viazi na maharage, tukaongea. Aliniambia habari za baba yake ambazo nilikuwa nazisikia kwa watu tu. Mimi nilimwambia hofu yangu ya kukaa ukuta mmoja na wifi. Hakunikatiza. Akasema Februari atauliza vyumba upande wa pili wa mji, na tukakubaliana hata vikiwa na umeme wa kushiriki.

Alhamisi, kisigino kimepoa, tulifanya ile ziara ya kahawa shambani kwa mzee mmoja jirani, 50,000 kwa wawili. Tulitwanga punje kwenye kinu kuondoa maganda, tukapepeta, tukakaanga kwenye chungu juu ya kuni mpaka zikapasuka, tukatwanga tena, tukanywa. Mimi nimezaliwa kwenye nchi ya kahawa na sijawahi kuinywa ikiwa imetoka motoni saa ile ile. Haina uchungu ule wa kopo. Mzee alituambia analima arabika aliyoachiwa na baba yake, na alipojua tumeoana majuzi alitujazia vikombe mara ya tatu. Tukanunua kilo mbili, moja ya mama yangu, moja ya mama yake.

Hesabu, kwa yeyote atakayepita hapa na swali kama langu. Nauli za wote wawili kwenda na kurudi zilikuwa 120,000. Banda siku nne, 320,000. Kijana na vilango, 74,000. Ziara ya kahawa 50,000 na kahawa tuliyobeba 50,000. Chakula cha mchana na usiku, pamoja na ile nyongeza ya kijana, 148,000. Boda na plasta na dawa, 18,000. Jumla 780,000. Na mwenyekiti wa kamati alitimiza la soda: jana ametuletea 65,000 nyumbani ndani ya bahasha, shangazi wote wakishuhudia.

Shangazi bado wapo, wale wa Tororo na wale wa Samia. Nimeingia ndani nikakuta wamepanga masufuria yangu yote upya.

Ile 90,000 iliyobaki imerudi kwenye laini ya akiba pamoja na 65,000 ya bahasha. Namba ya siri sasa tunaijua wote. Binti Kigezi, kukodi mtumbwi siku nzima ulilipa kiasi gani, na vile vyumba vya visiwani vinapungua bei mwezi gani?